Saa Nane ya Kompyuta

Siku kompyuta iliponigandia mara ya tatu, kifua kimejaa maziwa na mwanangu wa miezi minne ananisubiri nyumbani Mpendae, nilipiga meza. Ilikuwa saa nane mchana, saa yangu ya kuondoka, na orodha ya wanafunzi sijaihifadhi.

"Taratibu, Bi mdogo, kompyuta nayo inachoka," mkuu wetu wa ofisi akasema.

Ofisi nzima tulitumia seva moja, kompyuta kuu inayozilisha zetu zote, na kuna mtu alikuwa anaielemea. Nikaapa nitamkamata. Kwa kidato cha nne na kitabu cha kuazima nilijiona bingwa, nikaandika skripti, programu fupi ya kujiendesha yenyewe: kila siku saa nane iorodheshe nani yumo kwenye seva na anaendesha programu gani, kisha impelekee mkuu ripoti.

Wiki nzima ripoti ilimtaja mtu mmoja tu. Mimi.

"Kumbe mwizi mwenyewe ndo wewe!" Mkuu alicheka mpaka akavua miwani.

Nilikuwa nimeandika 8. Kompyuta haijui saa zetu. Nane yake ni saa mbili asubuhi, na wakati huo nshafika, niko peke yangu. Nikafuta, nikaandika 14, na ripoti ije kwangu. Ripoti iliyofuata niliisoma mwenyewe kwanza, nikachapa barua, nikaipeleka masjala ipigwe muhuri:

"Kwa Mkuu wa Ofisi. Yah: Malalamiko. Saa nane mchana umo kwenye seva, na mchezo wa karata umeufungua mara tisa. Naomba uufunge, au mwanangu aletwe nimnyonyeshe mezani kwako. Ripoti nimeambatisha. Kosa la saa lilikuwa langu."