Kuzifuata Barua Zilizolowa Houston

Niliondoka Carrollton, kando ya Dallas, kwa sababu mbili, na bosi wangu nilimwambia moja tu.

Sababu niliyoitaja ilikuwa barua. Kazi yangu ni kukarabati karatasi kuukuu katika maktaba ya chuo kimoja huku Dallas. Nyumbani Keroka, Kenya, wengine bado wanadhani ninauza vitabu. Mwishoni mwa Agosti 2017, mvua ya kimbunga ilipokuwa imeipiga Houston siku baada ya siku, mjane mmoja aitwaye Bi Evelyn alinipigia simu. Familia ya marehemu mumewe ilitokana na mjumbe mmoja wa bunge la kwanza la Marekani, enzi zile walipokuwa wakipigana na Waingereza wapate kujitawala. Mjumbe huyo alikaa mbali na nyumbani miezi mingi akiandikiana na mkewe, na pia na wanasiasa wenzake, ambao wawili kati yao walikuja kuwa marais. Barua hizo zote zilikuwa katika sanduku moja sebuleni kwa Bi Evelyn.

Nilikuwa nimeziona mwaka uliotangulia, alipokuja kutuuliza jinsi ya kuzitunza. Alituonyesha chache tu, akakataa kutuachia hata moja. Kati ya hizo nilisoma moja ya yule mke. Alikuwa akimweleza mumewe habari za shamba, ng'ombe na homa ya watoto, kisha katikati ya ukurasa akataja kwamba Dinah amejifungua na mtoto hakuishi. Dinah alikuwa mtumwa wao. Baadaye nilimtafuta Dinah kila mahali nilipojua kutafuta, sikumpata. Kwa kadiri ninavyojua, jina lake limebaki katika mstari ule mmoja.

"Maji yalinifika kiunoni," Bi Evelyn aliniambia kwenye simu. "Sasa yameshuka. Sanduku lilikuwa chini ya maji. Nifanye nini?"

"Usizitenganishe," nikamwambia. "Tafuta barafu, uziweke juu yake. Ninakuja."

Karatasi iliyolowa haingoji mtu katika joto la Texas. Siku mbili tatu tu ukungu umeshaota, na ukungu ukishaota karatasi inaliwa pamoja na maneno yake. Dawa ni kuigandisha haraka, kisha kuikausha polepole baadaye. Kwa hiyo nilihitaji gari lenye friza.

Sababu ya pili ilikuwa Moraa, mdogo wangu, nesi anayeishi Pearland, kusini mwa Houston. Tangu mvua ianze nilikuwa nimeongea naye mara moja tu, na kwa siku mbili sasa simu yake haikupatikana kabisa. Usiku kabla ya safari Mama alipiga kutoka nyumbani.

"Umeongea na Moraa?"

"Network ni mbaya huko, Mama. Atapiga."

"Mimi sikuulizi habari ya network, Kemunto."



Alfajiri, Melkioli alinipitia na lori lake la nyama, lenye friza. Melkioli ni Mrundi wa Fort Worth, mtu mnene mpole aliyekulia kambini Kigoma kabla ya kuletwa Marekani. Tulifahamiana kwenye harusi. Tajiri wake alikuwa akituma barafu na maji ya kunywa katika parokia moja ya kaskazini mwa Houston, na lori lingerudi tupu. Nilipanda na makreti yangu ya plastiki, glavu, na mabunda ya karatasi ya nta ya kutenganishia barua.

"Dada, umekunywa chai?" aliniuliza.

"Haipiti."

"Basi utakunywa njiani. Njia ni ndefu."

Tulipofika Corsicana jua lilikuwa limechomoza, na foleni ya mafuta ilikuwa imetoka kituoni hadi barabarani. Uvumi ulikuwa umeenea Dallas nzima kwamba petroli inakwisha, na kila mtu alikuwa anajaza hadi madumu. Dizeli tuliipata, lakini tulipoteza muda mwingi, na muda wote huo nilikuwa nikibonyeza namba ya Moraa. Sauti ileile ya mashine ikanijibu. Melkioli alinitazama, halafu akatazama mbele.

"Ni nani huyo humpati?"

Nikamwambia. Alikuwa mtu wa kwanza kumwambia.

Hakunipa pole za haraka haraka. Aliuliza, "Na hizi barua tunazozifuata, zinasema nini hasa?"

Nilimweleza nikishukuru kupata la kusema. Nilimwambia kwamba wakubwa waliounda nchi hii walikaa mbali na familia zao miaka na miaka. Rais wa pili na mkewe waliandikiana barua nyingi mno, kwa sababu yeye alikuwa mikutanoni, na baadaye Ulaya, na mke alibaki na watoto. Wakati wa ndui alimwandikia mumewe kwamba amewapeleka watoto wakachanjwe, na barua ikisafiri kwa farasi, kwa matope, mume hajui kama watoto wamepona au wamezikwa.

"Na hawa wa kwetu, wa sanduku?"

"Vivyo hivyo. Mke anauliza, ulipata barua yangu? Mume anauliza, mbona kimya?"

"Walikuwa na watumwa?"

"Walikuwa nao. Wametajwa humohumo."

Melkioli akatikisa kichwa. "Wanapigania uhuru na watumwa wako jikoni." Halafu, "Lakini hilo la kungoja barua nalijua. Kambini tulimngoja kaka yangu hivyo." Sikumuuliza kama kaka alifika. Uso wake ulikwisha kuniambia.

Saa nne hivi tulifika Huntsville, na kuanzia hapo barabara ikabadilika. Mashamba yalikuwa maziwa. Ng'ombe walisimama juu ya vilima vidogo kama waliosahauliwa. Polisi walitugeuza mara mbili, na kila tulipogeuzwa niliona kichwani mwangu ukungu ukitambaa juu ya mstari wa Dinah, kisha nikaona aibu kwamba ninafikiria karatasi na mdogo wangu hajulikani aliko, kisha nikamfikiria Moraa, nikarudi tena kwenye karatasi. Hivyo hivyo hadi Houston.

Adhuhuri tulishusha barafu na maji parokiani, tukajibakizia magunia mawili ya barafu, tukaingia mtaa wa Bi Evelyn. Sitausahau ule mtaa. Mbele ya kila nyumba kulikuwa na mlima wa mazulia, magodoro, friji na vipande vya kuta. Harufu yake ni ya kitu kitamu kilichooza.

Bi Evelyn alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, amevaa gambuti na lulu masikioni. Alikuwa ameliweka sanduku juu ya meza ya jikoni ndani ya beseni, na barafu yake ilikuwa imebaki maji tu. Kando yake kulikuwa na kisu cha siagi na barua tatu zilizochanika.

"Nilijaribu kabla sijakupigia," alisema. "Nilidhani nitazianika."

"Si neno. Sasa tuziache zilivyo."

Nilivaa glavu. Nilipofunua kifuniko niliona kwamba wino mwingi ulikuwa umeshika, mweusi bado, lakini kwenye pembe za baadhi ya karatasi tayari kulikuwa na madoa ya kijivu. Ukungu ulikuwa umekwisha kuanza. Nikaanza kuzihamisha kwa mafungu, karatasi ya nta katikati. Nilikuwa sijamaliza kreti la kwanza Bi Evelyn alipoweka mkono wake juu ya sanduku.

"Mume wangu alimwahidi baba yake kwamba hazitatoka kwenye ukoo huu."

"Bi Evelyn, kesho kutwa zitakuwa uji."

"Na mkishazichukua, mtasema nini juu yetu?"

Ndipo nilipoelewa kwa nini mwaka uliotangulia alikataa kutuachia. Alikuwa amezisoma zote. Alijua ni nani waliouzwa humo, na kwa bei gani, na nani aliandika kuhusu uhuru kwa kalamu hiyohiyo.

"Tutasema yaliyoandikwa," nikamjibu.

"Yote?"

"Yote."

Alinitazama, mimi Mwafrika mwenye glavu za plastiki jikoni kwake, na sijui aliona nini. Melkioli alikuwa amesimama mlangoni na kreti tupu mikononi, hathubutu kusogea. Hatimaye Bi Evelyn aliondoa mkono, akaketi kwenye kiti pekee kilichobaki, akasema, "Basi fanya haraka." Nilifanya haraka.

Alasiri, friza ikiwa imefungwa na baridi inavuma, nilitegemea kwamba tutarudi kaskazini moja kwa moja. Hayo ndiyo yaliyokuwa makubaliano. Melkioli akawasha lori, akageuza kuelekea kusini.

"Wapi?" nikauliza.

"Pearland. Barua zimo ndani ya baridi, hazina shida. Wewe ndiye mwenye shida."

Pearland tulifika kwa kuzunguka sana. Kwenye nyumba ya Moraa maji yalikuwa yameacha mstari wa kahawia ukutani, chini kidogo ya madirisha. Niligonga mlango hadi mikono ikauma. Jirani yake, mzee wa Kimeksiko aliyekuwa akitoa zulia lake, alinyoosha mgongo.

"Nesi? Aliondoka na begi mvua ilipoanza. Na gari lake. Hajarudi."

Na gari lake. Njiani tulikuwa tumepita magari yaliyozama hadi paa, yamelala kwenye mabonde ya barabara, na mimi nilikuwa nimeyatazama bila kuyahesabia watu. Sasa nilianza kukumbuka rangi zake. La Moraa lilikuwa la fedha. Kulikuwa na la fedha? Kulikuwa na mengi ya fedha.

Jioni ikianza kuingia tulifika hospitalini kwake. Mlinzi wa getini alisema hakuna mgeni anayeruhusiwa. Alipiga simu ya ndani, ikaita bila kupokelewa.

"Wafanyakazi wamekaa humo tangu mafuriko yaanze," alisema. "Wengine wamo, wengine hawakuweza kufika. Sijui huyo wako yuko upande gani."

"Nifanye nini basi?"

Alifikiri. "Andika. Nikimwona mtu anapanda huko juu, nitampa."

Niliandika nyuma ya karatasi ya Melkioli yenye orodha ya njia zake: *Moraa, ni Kemunto. Niko getini na lori la nyama. Nijibu neno moja tu.* Nikaandika jina lake lote na wodi yake. Mlinzi akampa mwanamke mmoja aliyekuwa anaingia, naye akaitia mfukoni na kupotea.

Tukangoja. Melkioli alizima injini kubwa, akaacha ya friza peke yake, maana tangi lilikuwa limeshuka na vituo vingi vilikuwa vimefungwa.

"Dada," alisema hatimaye kwa upole, "tukikaa sana, mashine ya baridi itazima njiani."

"Najua."

"Nikuache hapa, mimi niende nazo?"

Lilikuwa wazo la busara. Nilishika kitasa cha mlango nishuke, nikakiachia. Niliogopa kwamba nikishuka nitakuwa nimekubali kwamba hatajibu. "Tungoje kidogo tu," nikasema.

Kiza kilikuwa kinaingia mlinzi alipokuja anatembea kwa haraka, karatasi ya kufutia mikono imekunjwa kiganjani mwake. Juu yake, kwa kalamu nene, kwa mwandiko wa Moraa unaolala upande kama mtu mlevi, kulikuwa na haya:

*Niko. Nalala sakafuni na wagonjwa wangu. Simu ilianguka kwenye maji. Ambia Mama. Usiingie, hapa ni balaa. Na lori la nyama umelitoa wapi?*

Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikampigia Mama nikamsomea neno kwa neno, isipokuwa lile la balaa. Kule Keroka ilikuwa alfajiri mbichi. Mama alisikiliza hadi mwisho, akasema tu, "Soma tena."

Moraa mwenyewe sikumwona safari ile. Nilirudi na mwandiko wake peke yake.

Tulilala Huntsville kwenye maegesho ya malori, baada ya kupata dizeli kwa shida. Asubuhi Melkioli alifungua friza, akagonga kreti kwa kifundo cha kidole. Zilikuwa zimeganda kama matofali. "Hizi zimepona," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu tuondoke nikaomba chai.

Kuzikausha kulituchukua kipindi chote cha baridi. Siku hizo nilijifunza jambo ambalo miaka yangu ya kazi haikunifundisha. Nilikuwa nikidhani karatasi za wakubwa wa dola ni habari za dola. Zipo, ndiyo: kodi, majeshi, nani ana hila. Lakini ukizishika moja moja utaona kwamba kinachozijaza zaidi ni woga wa kawaida. Mtoto amepona? Mbona kimya? Mstari wa Dinah nao ulitoka salama, na sasa mtu yeyote anaweza kuja kuusoma.

Majira ya kuchipua, mwaka 2018, Bi Evelyn alikuja Dallas. Nilimwonyesha zilizopona, zikiwa na madoa lakini zinasomeka, akatia saini hati ya kuzifanya zote mali ya maktaba bila kusita. Kisha nikamwonyesha moja ambayo wino wake ulikuwa hafifu tangu mwanzo. Maji yalikuwa yameufuta wote. Imebaki karatasi nyeupe yenye mikunjo.

Aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha, upande huu, upande ule.

"Ni ya yule mjumbe kwa mkewe," nikasema. "Ilikuwa katikati ya zile alizomwandikia."

"Hii nitakaa nayo mimi," alisema Bi Evelyn, akaikunja tena kwa mikunjo yake ya zamani. "Hata hivyo, yaliyokuwemo yalikuwa ya mke wake tu."