Nduma Zilizong'olewa Kangemi

Mwenyekiti wa tawi la chama tawala alinichagua kwa sababu ya sauti. Siku za kazi nilikuwa opereta wa simu katika kampuni ya bima mjini, na kanisani kwetu Kangemi ndimi niliyesoma matangazo. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mimi na mume wangu tulikuwa tumetoka magharibi mwa nchi, tumepanga chumba kwa mjane mmoja Mkikuyu ambaye nilimwita Cucu, kama wajukuu zake walivyomwita.

Chama kilikuwa kimetoa sera ya kuhifadhi udongo na mito, na Mwenyekiti alitaka isomwe mkutanoni pale sokoni, Jumapili baada ya ibada. Nilivaa gauni langu la samawati nikasimama mbele ya watu. Nikasoma kwamba mtu asilime karibu na mto, ukingo uachiwe miti, maji ni ya watoto wetu. Niliamini kila neno. Kijito kilichotutenga na mtaa wa Mountain View kiligeuka chekundu kila mvua iliponyesha, udongo wetu wote ukienda nacho.

Lakini bondeni mwa kijito hicho ndimo Cucu na akina mama wenzake walimolima nduma, magimbi yapendayo maji, ya kula na kuuza. Jioni alinikuta nikipepea jiko.

"Hiyo kitu umesoma leo, ni ya kweli?"

"Ni ya kweli, Cucu."

"Tukitoa nduma, hiyo shamba itabaki ya nani?"

"Itakuwa ya miti. Ya watu wote."

"Ni wewe unasema?"

"Ni mimi nasema."

Wiki hiyo waling'oa. Lori la chama likaleta miche ya miti, tukapanda pamoja tukiimba, na mimi nikiwa katikati yao kama bibi arusi.

Mvua zilizofuata hazikuwa zimeisha nilipokwenda kuteka maji bombani, nikawakuta akina mama wa bondeni. Mmoja, mwembamba, mama wa watoto wengi, akanitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa. "Nenda uone miti yako," akasema.

Nilikwenda. Bonde lilikuwa limezungushiwa seng'enge, na ndani ng'ombe wa maziwa wa gredi wa Mwenyekiti walikuwa wakila. Miche ilikuwa imebaki vijiti.

Nilimwendea nyumbani kwake siku hiyo hiyo. Alinikaribisha vizuri, mkewe akanimiminia chai.

"Mama, sera inasema watu wasilime," Mwenyekiti akaniambia kwa upole. "Kuna mahali umesoma ng'ombe wasile nyasi?"

Chai ile niliinywa yote. Hata leo nikiikumbuka uso hunichoma. Siku ya kazi iliyofuata, saa ya chakula cha mchana, nilijaribu ofisi ya chama mjini. Karani alinisikiliza akiwa amesimama, kisha akaniambia mambo ya tawi humalizwa na tawi. Nikarudi kazini kuunganisha simu za watu.

Jumamosi moja asubuhi Cucu aligonga mlango. Mgongoni alikuwa na gunia la miche ya nduma aliyopewa na dada yake wa Kabiria.

"Sikuja kukuita," alisema. "Nataka jembe yangu, iko hapo nyuma ya mlango."

Nilimpa jembe, nikavaa kanga, nikamfuata. Akina mama walikuwa wameinua seng'enge kwa magogo na kuingia. Nilivua viatu nikaingia matopeni. Hakuna aliyenifukuza, wala hakuna aliyenisogezea mche, ilibidi niombe.

Mwenyekiti alipofika hakuwajali wale wengine. Alinijia mimi.

"Hata wewe? Si ni wewe uliwasomea?"

Akina mama walinyoosha migongo wakatazama.

"Ni mimi," nikasema. Sikudhani hata aliye karibu alisikia.

"Basi wasomee tena, wasikie."

Nilisimama na mche mkononi. Cucu hakuacha kuchimba. "Amemaliza kusoma," akamwambia. "Sasa anapanda."

Wengine walicheka. Nilitamani bonde linimeze, maana alinitetea kama mtu anavyomtetea mtoto aliyevunja chungu cha jirani.

Mwenyekiti aliondoka akitisha kwamba ataleta askari, lakini hakuna askari aliyekuja. Kiangazi kilipokaza aliwauza ng'ombe, na nguzo za seng'enge zikageuka kuni za jirani zake. Nduma zikarudi. Cucu mwenyewe alipanda miti michache ya mitarakwa juu ya shamba lake, na ikakua. Hatukuwahi kuizungumzia sera ile tena.

Yule mama mwembamba alikuwa amekaa misimu miwili bila nduma za kuuza, na mwanawe mkubwa aliacha shule katika misimu hiyo kwa kukosa karo. Tulipohamia Kawangware nilikwenda kumuaga. Alikuwa akianua nguo. Aliniitikia, akazikunja zote, akaingia ndani.