Mshale wa Kushoto

Kazi yangu ni kusoma karatasi za watu kwenye kompyuta. Ofisi yetu inatoa mizigo bandarini, na tangu asubuhi mpaka jioni napitia mafaili manene bila kugusa kipanya. Kipanya naona ni cha wageni. Home inanipeleka mwanzo, End inanipeleka mwisho, mishale ya kulia na kushoto inafungua kurasa, na ukibana Ctrl pamoja na alama ya kujumlisha, maandishi yanakua. Sikuwahi kuuona huo kuwa ujuzi wa maana, mpaka sukari ilipoanza kula macho ya mama mkwe wangu.

Tulikuwa tukiishi wawili tu, ghorofa ya juu, Mji wa Kale. Mume wangu yuko Uarabuni, huja anaporuhusiwa. Mama alikuwa na kitabu cha nyimbo alizotunga marehemu mamake, mwanamke aliyekuwa akialikwa harusi za mtaa mzima ili aje awatanie watu kwa ngoma. Aliziandika kwa mkono wake, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, bila irabu, mwandiko ambao hata mawifi zangu waliosoma chuo cha Kurani uliwashinda. Aliyeuweza alikuwa Mama peke yake. Naye alitaka jambo moja tu: nyimbo zile zihamishiwe kwenye herufi wanazosoma wajukuu kabla macho yake hayajazima. Mwandishi niwe mimi, mtu wa bara niliyesilimu ukubwani, sala nikazishika kwa kusikia na herufi zikanipita.

Kioo cha kukuzia maandishi kilikuwa hakimfai tena. Nikakibeba kitabu hadi ofisini, nikakiskani ukurasa kwa ukurasa kwa upole, maana karatasi zilikuwa zikivunjika kama kaimati kavu. Nilipomfungulia kwenye kompyuta ya nyumbani, Mama alikisogelea kioo chake, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mwanangu, kitabu cha watu umekiingilia mlango wa uani!"

Nilikuwa nimeanzia kushoto, kama vitabu vya shule. Jalada la nyuma likawa ukurasa wa kwanza, na wimbo wa kwanza ukawa mwisho kabisa wa faili. Nikaona haya, nikamwambia nitaligeuza lote. Nikabonyeza End kumwonyesha wimbo wa kwanza ulipo; Mama akabonyeza mshale wa kushoto, ukurasa ukasonga, akakataa nisigeuze. Vitabu vyake vyote tangu utotoni huenda kushoto.

"Kiate vivyo hivyo," akasema. "Sasa ndipo kimekaa sawa."

Basi tukaanza. Siku ya kwanza nilibonyeza End, tukawa mwanzoni, na kila Mama alipogusa mshale, namba ya ukurasa pale chini ya kioo ikapungua. Namba ile ndiyo kitu pekee nilichoweza kukisoma. Nilibandika kipande cha plasta juu ya mshale ili kidole chake kisipotee, nikakaa kando yake na daftari mapajani. Jumamosi na Jumapili, baada ya alasiri, yeye alisoma, mimi niliandika. Kulikuwa na wimbo wa shangazi aliyeficha pilau mkobani, na wa bwana harusi aliyeogopa paka. Mama aliusoma kila mmoja huku mabega yakicheza. Nilicheka, ingawa moyo ulikuwa mzito, maana kila baada ya muda alinigeukia.

"Ongeza, mwanangu."

Niliongeza. Mwanzoni ukurasa mzima ulienea kwenye kioo, baadaye mistari michache, baadaye maneno mawili. Daktari alisema kilichokwenda hakirudi, tulinde kilichobaki. Alilisema taratibu sana, nikamchukia bure.

Kisha Mama akaacha kuniambia niongeze. Wiki zikapita. Nilifurahi kama mjinga, nikampigia mume wangu simu kumwambia kwamba sindano za macho alizokuwa akidungwa hospitalini zimeanza kufanya kazi. Na kweli Mama alikuwa akisoma vizuri kuliko mwanzo, hakwami, harudii neno. Mkono wangu ndio uliokuwa ukiachwa nyuma.

Jumapili moja ya mvua kalamu yangu ilikauka. Niliinua kichwa kutafuta nyingine, macho yakapita kwenye kioo. Pale chini, penye namba ya ukurasa, paliandikwa moja. Kioo kizima kilikuwa rangi ya kahawia, na doa la chai pembeni. Lilikuwa jalada la nyuma. Herufi sizijui, lakini pasipo na herufi napajua. Mama alikuwa amelielekea jalada lile karibu pua igusane nalo, anasoma. Macho yake yalikwenda kutoka kulia hadi kushoto, yakarudi kulia, yakaenda tena, kama ya mtu anayefuata mstari.

Ubeti ukaisha. Akapapasa, akabonyeza mshale. Hapakusonga kitu. Akavuta pumzi, akaendelea na ubeti mwingine.

Nilitaka kulia, na nilimkasirikia pia, kwamba giza zito namna ile alilibeba peke yake ndani ya nyumba ya watu wawili. Nililitazama daftari. Sikujua ni wimbo upi ulikuwa wa mwisho kusomwa kwa macho, upi ulikuwa wa mamake aliokuwa akiukumbuka, na upi alikuwa akiutunga mwenyewe pale pale, kidole juu ya mshale. Mpaka leo sijui. Mama ameshatangulia mbele ya haki, na sina wa kumuuliza.

Alisikia kalamu imetulia, akasita.

"Waandika?"

"Naandika, Mama."

"Zimesalia kurasa ngapi?"

Nilijifuta uso kwa ncha ya leso.

"Bado zipo nyingi, Mama," nikasema, nikafungua ukurasa mpya wa daftari.