Jenerali Aliyeulizwa Habari za Mpagazi

Sipendi kumtaja yule jenerali, maana nikimtaja lazima nitaje na uongo wangu. Lakini nimeshazeeka na shangazi yangu hayupo tena. Basi acha niseme.

Miaka ile nilikuwa karani na mkalimani wa serikali, kijana wa kanzu iliyopigwa pasi na maringo tele. Siku moja nikaambiwa kuna mgeni ameshuka melini: jenerali aliyewafukuza Wajerumani nchi hii, ambaye sasa huko kwao amekuwa waziri. Anataka kuiona Kariakoo, ilipokuwa kambi ya wapagazi wa vita, na kuzungumza na watu. Mimi nitatafsiri.

Shangazi alikuwa akiuza vitumbua palepale sokoni. Mumewe alichukuliwa upagazi, akaondoka na mzigo kichwani kuelekea Rufiji, asirudi. Hakuna aliyeleta habari zake, kwa hiyo shangazi hakukaa eda, hakumsomea hitma, wala hakuolewa. Mwalimu wa msikitini alimwambia atafute mtu aliyekuwepo, amthibitishie kifo. Alitafuta miaka zaidi ya kumi.

Aliposikia ugeni huo alinishika mkono. "Baba, mwenye vita si ndiye huyu? Atajua tu."

"Shangazi, alikuwa na watu maelfu."

"Wewe niulizie. Mdomo huo kazi yake nini?"

Jenerali akaja, mzee mwekundu mwenye fimbo, akasimama juu ya kasha. Lo, alikuwa na kumbukumbu! Alitueleza alivyoanza luteni, alivyopigana na Makaburu, mto gani alivuka huku kwetu na farasi wake gani alifia wapi. Halafu akavua kombati akaenda kuomba kura kwao, akashindwa, akaomba tena, mpaka akakalia kiti cha uwaziri. Nilipofika kwenye kura watu walinikodolea macho. Nani kati yetu alikuwa amewahi kupiga kura? Nikatafsiri hivyo hivyo, nikaendelea.

Alipomaliza, shangazi akajipenyeza hadi mbele. Akataja jina la mumewe, la baba mkwe wake na kijiji walikotoka. "Muulize, yu hai au amekufa?"

Nikauliza. Jenerali alisikiliza vizuri, siwezi kumsingizia. Akajibu kwa upole kwamba wapagazi walikuwa wengi mno, wengi walikufa kwa homa na kuhara, na majina yao hayakuwa kazi yake. Hajui. Anasikitika.

Hasira zikanipanda. Farasi anamjua, mtu hamjui! Nikamgeukia shangazi, nikasema kwa sauti yangu ya kazi: "Anasema anamkumbuka. Alikufa kwa homa. Wenzake walimswalia, wakamzika vizuri."

Shangazi akakaa chini vumbini, akalia. Jenerali akaniuliza kulikoni. Nikamwambia anashukuru. Siku hiyohiyo shangazi akaingia eda.

Miezi minne na siku kumi sikuwa na raha. Je, mumewe akitokea? Nimemfisha mtu kwa ulimi wangu? Siku shangazi alipotolewa eda nikaenda kwake kukiri.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba."

Nikamwambia yote, macho chini. Nilitegemea anitimue. Akaendelea kukunja nguo zake nyeupe.

"Nilijua," akasema. "Mzungu yule alitikisa kichwa. Mimi sina macho?"

"Sasa ulikubali kwa nini?"

"Kuolewa siolewi, Mungu anajua sina hakika. Lakini miaka yote hii kila nikitaka kulia mnaniambia niache uchuro, mume wangu yu hai. Wewe siku ile umenipa ruhusa mbele ya watu. Nilitaka kulia tu, baba."