Video ya Mama

Harufu ya omena, wale dagaa wa ziwani, na petroli sokoni Migori hunirudisha ufuoni siku ile. Shangazi alikuwa akirejea kisiwani Remba, na simu yake pekee ndiyo iliyokuwa na video ya marehemu mama akiimba kanisani. Baba aliiomba kwa bluetooth, lakini simu yake ilikuwa imejaa, na hapakuwa na cha kufuta ila picha za mama.

“Picha haziimbi,” alisema, akazifuta zote.

Video ikaanza kuingia polepole. Boti ikaondoka na shangazi kabla video haijakamilika, naye baba akaifuata majini, simu ameiinua juu ya kichwa.

“Mzee, unasafiri ama unaoga?” nahodha akamtania.

“Punguza mwendo, ndugu yangu! Imebaki kidogo.”

Maji yalikuwa yamemfika kifuani simu ilipoandika kwamba imeshindwa kupokea.

Shangazi aliporudi, alikuwa na simu mpya yenye nafasi tele. Ile ya zamani ilikuwa imezama ziwani.