Kioo Kisicholala cha Gunnvor

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, baridi ni nyuzi ishirini na mbili chini ya sifuri. Gunnvor Sletthaug anavuka ua wake akiwa na koti la marehemu mumewe juu ya nguo za kulalia. Anafungua kufuli mbili za banda, anainama mbele ya meza ya useremala na kuchungulia. Mikono ameificha mgongoni kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki.

"Ipo," anasema. "Jamani, bado ipo."

Kilichopo ni nukta nyekundu, ndogo kuliko punje ya mtama, ndani ya kioo kilichofungwa juu ya bunduki yake. Mlengaji huiweka nukta pale anapotaka risasi iingie, basi. Aliiwasha jana saa kumi jioni, na tangu hapo bunduki haijaguswa. Banda halina joto, na ni makusudi: bunduki iliyotoka kwenye baridi ikiingizwa kwenye joto, kioo hushika ukungu. Huku Furudal hata watoto wanalijua hilo.

Gunnvor ana miaka sitini na mmoja. Siku nne kwa wiki anapika katika nyumba ya wazee. Siku zote saba, halmashauri inaweza kumpigia simu gari linapomgonga elgi, kulungu wa misitu ya huku, mkubwa kuliko ng'ombe. Mnyama akikimbilia porini na majeraha yake, Gunnvor na mbwa wake Skrubb humfuata mpaka wampate, wamtoe kwenye mateso. Tangu mwaka mpya ameitwa mara ishirini na sita, na sasa ni katikati ya Februari.

"Watu wanadhani ni uwindaji," anasema akimimina kahawa. "Uwindaji gani? Mwindaji anarudi na nyama na hadithi. Mimi narudi na magoti yanayouma."

Halmashauri humlipa kila anapoitwa. Bunduki na vifaa vyake ni juu yake mwenyewe. Vioo wanavyovisifia wawindaji wa mjini vinaanzia kroner elfu saba. Yeye, baada ya kununua matairi ya theluji, alibakiwa na elfu mbili. Akanunua kioo cha bei hiyo, kipya, chepesi, kizuri kukitazama.

Ilikuwa Novemba. Elgi jike alikuwa amevunjika mguu wa nyuma, na Gunnvor alimfuata saa nne nzima. Alimkuta amelala kati ya misonobari, ndama wake amesimama mbele yake. Gunnvor akaegemeza bunduki kwenye gogo na kungoja ndama asogee. Hakukohoa, hakufuta pua. Dakika kumi na tano zikapita, ndama akapiga hatua pembeni. Gunnvor akaweka jicho kwenye kioo.

"Hamna kitu. Kioo cheupe, nukta hakuna. Nikabonyeza kitufe, kikalia *tiki*. Yule mama akaruka na miguu mitatu, akavuka mto juu ya barafu."

Skrubb alimpata kesho yake alasiri. "Alikuwa bado anapumua," Gunnvor anasema. Ni jambo linalomuuma mpaka leo, na hajaribu kulificha.

Alikirudisha kioo dukani kwa Torleiv Moen akiwa amefura kwa hasira. Torleiv akakiwasha. Kikawaka.

"Kizima hiki, Gunnvor. Au macho yako ndiyo yamechoka?"

"Macho yangu yanaona vizuri sana jinsi ulivyonenepa, Torleiv. Kiache hapo hapo mezani. Usikiguse."

Wakaketi, wakanywa kahawa, wakaendelea kurushiana maneno. Baada ya dakika kumi nukta ikazimika yenyewe. Torleiv akatafuta karatasi ya maelezo, akavaa miwani, akasoma mara mbili kabla ya kuinua kichwa.

"Kinajizima kisipotikiswa, ili kutunza betri," alisema polepole. "Kilidhani hakuna mtu."

Gunnvor alilia palepale, mbele ya wateja wawili waliokuja kununua chambo. "Miaka thelathini najifunza kutulia," anasema. "Mume wangu alikuwa ananitania kwamba ndege wangenijengea kiota. Kumbe kutulia kwangu ndiko kulikomponza yule mama."

Torleiv akamrudishia pesa, akamwazima vioo vitatu vya bei ileile avijaribu mwenyewe. Cha kwanza Gunnvor alikifunga ndani ya soksi na kukilaza kwenye friza, karibu na nyama, hakikuamka tena. Cha pili kilistahimili friza, lakini baada ya risasi ishirini nukta ilihama, risasi zikaanza kuingia kushoto kwa upana wa kiganja. Cha tatu kilikuwa bidhaa ya zamani iliyokosa mnunuzi, kizito, kibaya kama bomba la sinki. Kina kirungu kikubwa cha kuwashia, kinachozungushika hata kwa glavu nene. Hakijui kujizima.

"Kitakula betri, mama, usije ukanilaumu," Torleiv alimwonya.

"Betri nitabadilisha mimi. Wewe uza."

Jaribio la mwisho ndilo hili la bandani. Kahawa haijaisha simu inalia: dume mchanga amegongwa karibu na daraja la juu. Gunnvor anashika magoti, anajikaza, anainuka. Wazee watapikiwa na mwingine leo.

Saa tano kasorobo, Skrubb anasimama na kunusa upepo. Elgi amelala nyuma ya mti, kifua hakionekani. Gunnvor anapiga goti kwenye theluji, anaegemeza bunduki kwenye tawi na kungoja. Dakika ishirini na mbili. Vidole vya miguu vimekufa ganzi. Mnyama anajigeuza kidogo, kifua kinaonekana, na nukta iko palepale alipoiacha.

Mlio mmoja tu.

Anamwendea, anavua glavu, anamwekea mkono shingoni. "Basi, mwanangu," anamwambia. "Leo hukuningoja sana."

Anataka kufika Mei, theluji itakapoyeyuka na elgi kuacha kushukia barabarani. Hapo ataamua kama magoti yanamruhusu msimu mwingine. "Naomba jambo moja tu," anasema wakati wa kurudi. "Mpaka hapo, asiwepo mwingine wa kulala usiku kucha akiningoja."

Bandani anaiweka bunduki juu ya meza. Nukta bado inawaka. Anaitazama kidogo, kisha anazungusha kirungu kwa mkono wake mwenyewe.

"Haya," anakiambia kioo. "Sasa tulale wote wawili."