Kesho na Dirisha la Mizigo Iliyopotea

Jumatatu ya tarehe 14 Machi 2022, fundi cherehani mmoja alipokea simu ya namba asiyoijua. Hilo halina ubishi: waliomsikia akijibu wapo, na hakuna aliyesahau.

Bintiye alikuwa mwaka wa pili chuoni, akisomea uongozi wa biashara. Wateja walimbandika jina la Kesho, kwa kuwa ndilo neno walilolisikia zaidi kutoka kinywani mwake. Tangu alipokuwa na kimo cha meza ya kukatia vitambaa, kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni na kumkabili kila aliyefuata nguo ambayo bado haijakutana na sindano. Mama alishona, mtoto alijibu. Mgawanyo huo ulidumu miaka, na duka halikuchomwa moto.

Siku hiyo Kesho alikaa mbele ya watu wawili wa kampuni ya mabasi, akiomba nafasi ya mafunzo kwa vitendo. Nafasi ilikuwa moja, na bila mafunzo hayo asingeingia mwaka wa tatu. Afisa utumishi, mama mwenye miwani ya kuning'iniza, akamtaka aeleze nguvu zake. Kesho akamwaga alichokariri pamoja na darasa zima: mchapakazi, mwaminifu, mwenye ari ya kujifunza. Mwenzake, bwana wa mizigo, ambaye tai yake iliishia katikati ya kitambi, akapiga mwayo bila kuuficha.

"Wenzako wote waliopita walikuwa hivyo hivyo," akasema. "Hicho chuo kinafundisha au kinadurufu? Nani anakujua nje ya chuo?"

"Mama yangu. Nimefanya kazi dukani kwake."

Afisa akapiga simu, akaifungulia sauti wote wasikie. Kesho hakuwa amemwonya mama yake, na fundi mwenye viporo vya nguo za watu anajua namba ngeni ina maana gani.

"Dada yangu! Nguo yako tayari kabisa," sauti ikatoka, tamu kama asali, cherehani ikiunguruma nyuma yake. "Imebaki pasi tu."

"Mama, mimi sina nguo kwako. Nauliza kuhusu binti yako. Ni mwaminifu?"

"Mno! Hapa nimemtuma akanunue zipu yako. Yuko njiani anarudi."

Bwana wa mizigo akamtazama Kesho kuanzia kichwani hadi viatuni, kana kwamba anaitafuta hiyo zipu.

"Mwaminifu," akarudia taratibu.

Kesho akazipima sababu moja moja, kama alivyozoea mlangoni, akaona hakuna itakayowafaa hawa wawili. Ndipo akafanya jambo ambalo dukani lingewalaza njaa.

"Huo ni uongo, na nimeutunga mimi," akasema. "Mama anajua kushona, kudanganya nimemfundisha. Bibi harusi haambiwi umeme ulikatika, atazimia. Anaambiwa aje apimwe tena. Mzee wa suti anaachwa afoke mpaka achoke, ndipo apewe kiti. Watu wananitukana, nawasikiliza, na wanarudi. Hiyo ndiyo nguvu yangu. Nyingine ni za darasa."

"Kwa hiyo unataka kutudanganyia abiria?" afisa akauliza.

"Hapana, mama, kudanganya nimechoka. Nataka kazi ya kukabili watu wenye hasira, lakini nikigeuka nyuma nikute kitu cha kuwapa. Hapa begi likipotea, kuna mtu analitafuta kweli?"

Afisa akamgeukia mwenzake. "Haya, mjibu mtoto."

Bwana wa mizigo akaivuta tai yake, nayo haikurefuka. "Tunatafuta. Mengine... mengine yako njiani."

"Bosi," Kesho akasema kwa upole, "hiyo njia naijua."

Afisa akacheka mpaka miwani ikamdondokea kifuani. Mwenzake akashikilia kwamba binti huyu amesema kweli kwa sababu tu amekamatwa.

"Na wewe umekamatwa," afisa akamjibu, "mbona hujasema?"

Kesho akapewa dirisha la mizigo iliyopotea. Mama yake alipoambiwa, aliapa kwamba aliijua sauti ya afisa tangu mwanzo.

Mafunzo aliyamaliza, na mwaka wa tatu akauingia. Kama mabegi yalianza kutafutwa kweli, au abiria walipata tu mtu hodari zaidi wa kuwatuliza, haijajulikana.